Ukizidiwa Kete, Chagua Njia Moja

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa mwezi wa Februari, uvuvi hufungwa upande wa Zambia wa Ziwa Mweru ili samaki wapate kuzaliana. Katika miezi hiyo nyavu hushonwa, mitumbwi hutengenezwa, na mikono iliyozoea kuvuta kamba usiku kucha hukosa kazi yake ya kila siku. Msimu wa namna hiyo unaufaa sana mchezo wa mashimo na kete, ambao hauhitaji gharama yoyote. Ukiwa na ardhi ya kuchimba vijishimo, mbegu au vijiwe vya kutosha, na mtu wa kukaa mbele yako, mchezo umekamilika.

Wilaya ya Nchelenge imo katika Jimbo la Luapula, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini, na maji hutokea kaskazini kwa Mto Luvua, karibu na mji wa Pweto ulio Kongo. Ufuko wa magharibi ni wa Kongo, na huko Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na ya barabarani. Lugha hii si ngeni kwa ufuko wa mashariki pia. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta huko mfanyabiashara Mwislamu aitwaye Mohamad bin Saleh. Na tangu mwaka 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyomo katika wilaya hiyo hiyo ya Nchelenge, yamewapokea Wakongo wengi waliokimbia vita, nao walikuja na Kiswahili chao.

Mchezo nao umevuka mipaka kama lugha. Wabemba huuita nsolo au isolo, Waluba wa Kongo huuita kisolo, Waila na Watonga wa kusini mwa Zambia huuita chisolo, na Wasukuma wa Tanzania wana isolo yao. Watu wa pwani wana bao. Kanuni hutofautiana, pengine hata baina ya kijiji na kijiji, lakini asili yake ni moja: safu nne za mashimo, kila mchezaji akimiliki safu mbili zilizo upande wake.

Makala haya hayakusudii kumfundisha msomaji namna ya kushinda akiwa tayari anaongoza, kwani jambo hilo halina ugumu mwingi. Nia yake ni kueleza yampasayo mchezaji aliyezidiwa. Mwenzake ana kete nyingi, yeye anazo chache; watazamaji wamekwisha kutikisa vichwa; na zamu ni yake. Afanye nini?

KOSA LA WENGI

Wahenga walisema mfa maji haishi kutapatapa. Ndivyo wafanyavyo wachezaji wengi wakizidiwa. Zamu hii hushambulia kwa hasira, zamu inayofuata hujificha kwa hofu, na ile ya tatu hushambulia tena. Shambulio la kwanza limewamalizia kete za kujilinda, na kule kujificha kumewapotezea nafasi ya kushambulia. Mwisho wake hushindwa kwa sababu hawakukaa katika njia yoyote, ingawa kete walizobaki nazo pengine zingaliwatosha kwa njia moja iliyofuatwa kwa uthabiti.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni kuhesabu kabla ya kugusa kete. Yapo maswali manne ambayo mchezaji aliyezidiwa hana budi kujiuliza. Nimezidiwa kwa kiasi gani? Katika mchezo huu, kete inayoliwa huenda wapi? Nani kati yetu atakosa kwanza hatua ya salama? Na nikibahatisha nikakosea, nitapoteza kiasi gani? Tuyaangalie moja moja, maana majibu yake ndiyo yanayoichagua njia.

KETE ILIYOLIWA HUENDA WAPI?

Swali hili husahauliwa mara nyingi, na kumbe ndilo kubwa kuliko yote.

Tuanze na nsolo, kwa kanuni iliyoenea. Mchezaji huchota kete katika shimo lake moja na kuzipanda moja moja katika mashimo yanayofuata, akizunguka katika safu zake mbili. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huzichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, zamu yake imekwisha. Lakini shimo hilo tupu likiwa la safu ya mbele, na shimo la adui linalolikabili likiwa na kete, mchezaji huzila kete hizo pamoja na zile zilizo katika shimo la nyuma yake. Kete zilizoliwa hutolewa mchezoni, wala hazirudi tena.

Bao la Kiswahili haliendi hivyo. Lina kete 64, na kila mchezaji huanza na 32: sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili yaliyo kando yake, na 22 mkononi. Kete zinazoliwa hazitoki mchezoni, bali mlaji huzipanda katika safu yake ya mbele. Tangu mwanzo hadi mwisho kete ni zile zile 64. Zinabadilisha mwenyewe tu.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme una kete 20 na mwenzako ana 44, nawe umepata kula shimo lenye kete 12. Katika bao utakuwa na 32, naye atabaki na 32. Kwa zamu moja mmekuwa sawasawa. Lakini tuseme hesabu hiyo hiyo imetokea katika nsolo: utabaki na 20 zako, naye atakuwa na 32. Umempunguza, lakini wewe mwenyewe hukuongezeka.

Kutokana na hesabu hiyo zinazaliwa busara mbili tofauti. Katika bao, aliyezidiwa asikate tamaa mapema, kwa kuwa wingi wa kete katika safu ya mbele ya mwenzake ni chakula chake yeye. Mwenye kete 44 ana mengi ya kulinda. Katika nsolo, kurudi juu ni kazi ya polepole, na ulinzi wa kete chache zilizobaki hutangulia mambo mengine yote.

USIKUBALI KUBADILISHANA

Katika mchezo ambao kete zilizoliwa hutoka, aliyezidiwa ajihadhari sana na kile kinachoonekana kuwa haki: nile zako sita, ule zangu sita. Tuseme wewe una kete 18 na mwenzako ana 24. Una robo tatu ya alizo nazo yeye. Mkibadilishana kwa usawa mpaka kila mmoja amepoteza 12, wewe utabaki na 6 naye na 12. Sasa una nusu yake tu. Hakuna aliyemzidi mwenzake katika kula, na hali yako imekuwa mbaya zaidi kuliko mwanzo.

Kanuni hii inafaa kuandikwa ukutani: anayeongoza hufaidika na mabadilishano, na aliyezidiwa huumizwa nayo. Kwa hiyo ukiwa mbele, rahisisha mchezo. Ukiwa nyuma, uache uwe na mambo mengi, na ukubali kubadilishana pale tu utakapokula zaidi ya utakavyoliwa.

KUFICHA MALI NYUMA

Aliyezidiwa huzilindaje kete zake katika nsolo? Jibu limo katika kanuni yenyewe ya kula. Adui hali shimo la nyuma peke yake. Ni lazima kwanza akute kete katika shimo la mbele. Shimo la mbele likiwa tupu, la nyuma yake liko salama, hata likiwa limejaa.

Chukua mfano. Shimo lako la mbele lina kete 2 na la nyuma yake lina 7. Mwenzako ana shimo tupu linalokukabili, na ana njia ya kulifikia zamu ijayo. Kete 9 ziko hatarini. Mchezaji mwenye pupa huichukua ile 7 na kuitawanya, akadhani ameiokoa, na kumbe ameigawa katika mashimo mengine yatakayoliwa baadaye. Mchezaji mtulivu huzisogeza zile 2 za mbele. Shimo la mbele sasa ni tupu, na zile 7 hazigusiki. Kabla ya kufanya hivyo, ahakikishe kwamba kete ya mwisho haitamwingiza katika mzunguko utakaorudisha kete mahali pale pale alipotaka pawe tupu. Kwa sababu hii wachezaji hodari huufuata mzunguko kwa macho hadi mwisho wake kabla hawajanyoosha mkono.

Uwezo huo wa kuona mbali hujengwa kwa mazoezi. Mtaalamu wa Kiholanzi Alex de Voogt alichapisha mwaka 1995 kitabu kizima juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na namna akili zao zinavyofanya kazi wachezapo. Si jambo la kushangaza kwamba mchezo huu ulimvuta mtu wa elimu, kwani hatua moja ya bao yaweza kuzungusha kete mara nyingi na kuubadilisha ubao wote, na bingwa huiona kabla haijatokea.

NANI ATAKOSA HATUA KWANZA?

Swali la tatu ni la muda. Katika michezo hii hairuhusiwi kukaa kimya. Zamu ikifika, ni lazima ucheze. Kwa hiyo hatua ndogo zisizodhuru ni akiba kama nafaka iliyoko ghalani. Mwenye mashimo mawili au matatu ya kete mbili mbili katika safu ya nyuma anaweza kusogeza kidogo kidogo akisubiri. Mwenye kete zake zote katika marundo makubwa hana akiba hiyo. Kila achezapo hana budi kulivunja rundo na kujifungua.

Hesabu basi hatua zako za salama, kisha hesabu za mwenzako. Ukiwa na tatu naye ana mbili, subiri. Yeye ndiye atakayelazimika kujifungua kwanza, hata kama ana kete nyingi kukushinda. Ukiwa na moja naye ana nne, kusubiri ni kujidanganya. Hapo yafaa kushambulia sasa, wakati bado una kete za kushambulia nazo.

Katika bao kuna silaha moja zaidi kwa aliyezidiwa: kula ni lazima. Mchezaji mwenye nafasi ya kula haruhusiwi kuiacha na kutakata tu. Kwa hiyo waweza kumwekea mwenzako chakula kidogo mahali ambapo akila atalazimika kuzipanda kete zake mbele ya mashimo yako yaliyo tayari. Anayeongoza hupenda kutulia. Kanuni hii humnyima utulivu. Lakini chambo hutegwa na aliyekwisha kuhesabu. Asiyehesabu hutoa sadaka.

MFANO WA UGENINI

Watu wa Mashariki ya Kati na wa Ulaya wana mchezo wao unaolifundisha somo hili kwa uwazi mkubwa, nao ni bakgamoni, ambao Waarabu huuita taula. Kila mchezaji ana vipande 15, ubao una vituo 24, na dadu mbili huamua vipande viende hatua ngapi. Mwanzoni kila mmoja ana jumla ya hatua 167 za kusafiri hadi avitoe vipande vyake vyote. Hizi ni mbio, na anayebakiwa na hatua chache ndiye aliye mbele.

Aliye nyuma katika mbio hizo ana njia tatu. Ya kwanza ni kuendelea kukimbia akitumainia dadu. Hii inafaa tu ikiwa tofauti ni ndogo, kwani ikiwa kubwa ni kujipeleka kushindwa taratibu. Ya pili ni kushika ngome, yaani kuweka vipande viwili pamoja katika eneo la adui mahali asipoweza kuvipiga, na kungoja kipande chake kimoja kibaki peke yake wakati wa kupita. Ya tatu ni kushika ngome mbili nyuma kabisa na kuukubali unyonge kwa muda mrefu, kwa matumaini ya kumpiga adui mwishoni.

Hesabu ya dadu huonyesha thamani ya kusubiri. Dadu mbili zina matokeo 36. Kipande cha adui kilicho hatua 6 mbele yako hupigwa kwa matokeo 17 kati ya hayo 36, ikiwa njia haikuzibwa. Hiyo inakaribia nusu. Kilicho hatua 1 hupigwa kwa matokeo 11. Kilicho hatua 7, ambacho hakifikiki kwa dadu moja, hupigwa kwa matokeo 6 tu. Kwa hiyo mwenye kusubiri asikae popote. Akae pale ambapo adui atalazimika kupita karibu.

Njia ya tatu, ya ngome mbili, huwapendeza wengi kwa sababu ushindi wake huwa wa kusisimua. Lakini ina hatari inayohusu swali letu la nne. Katika bakgamoni, anayeshindwa kabla hajatoa hata kipande kimoja huhesabiwa kushindwa mara mbili, na pengine mara tatu. Anayejizika nyuma hushinda mara chache, na akishindwa hushindwa vibaya. Mwaka 1992 Gerald Tesauro wa kampuni ya IBM alitengeneza programu ya kompyuta iliyojifunza mchezo huu kwa kucheza na nafsi yake, nayo ilibadilisha maoni ya mabingwa juu ya hatua kadhaa za mwanzo. Na mabingwa wa siku hizi, ambao hujipima kwa programu za namna hiyo, huichukua njia ya ngome mbili kuwa kimbilio la aliyekwisha kulazimika, si mpango wa kuchagua kwa hiari.

WAKATI WA KUKUBALI NA WAKATI WA KUKATAA

Katika miaka ya 1920, huko New York, wachezaji wa bakgamoni walibuni dadu ya kuongeza hesabu. Anayeongoza aweza kumwambia mwenzake, “Mchezo huu sasa uhesabiwe mara mbili.” Aliyezidiwa ama hukubali, ama huacha na kupoteza alama moja. Akubali lini?

Tuseme hali hiyo hiyo imetokea mara nne. Ukiacha kila mara, umepoteza alama 4. Ukikubali zote nne, ukashinda moja na kushindwa tatu, utapata alama 2 na kupoteza 6. Jumla umepoteza 4. Ni sawasawa. Kwa hiyo ukiwa na nafasi ya kushinda angalau mara moja katika nne, kuendelea hakukuumizi. Nafasi ikiwa ndogo kuliko hiyo, kuacha ni busara wala si uoga. Hesabu hii hubadilika kidogo panapokuwa na hatari ya kushindwa mara mbili, lakini msingi wake ndio huo.

Hapa ndipo ilipo faida kubwa ya somo zima. Kuzidiwa na kushindwa ni mambo mawili. Mwenye nafasi moja katika nne amezidiwa kwa hakika, lakini anayo sababu ya kuendelea. Kutangulia si kufika.

ZIWA NALO LILIZIDIWA

Watu wa Mweru wanalijua jambo hili nje ya mchezo. Katika miaka ya 1940 samaki aitwaye mpumbu alivuliwa kwa wingi alipokuwa akipanda Mto Luapula kutaga mayai, hata akaadimika. Pale, samaki wa thamani kubwa mezani, naye amevuliwa sana. Kuanzia miaka ya 1980 wavuvi wengi waligeukia chisense, dagaa wa ziwa hilo, wanaovutwa usiku kwa mwanga wa taa na kuanikwa juani mchana. Kufungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu ni hatua ya namna ile ile ya mchezaji anayesubiri: unaacha kula leo ili shimo lijae tena. Bila shaka kusubiri ni kugumu zaidi pale ambapo kete ni mlo wa watoto, na hatua za akiba ni unga uliobaki katika debe. Ndiyo maana mwenye busara huiandaa akiba kabla ya tarehe 1 Desemba, wala haanzi kuihesabu siku hiyo.

ZOEZI LA NYUMBANI

Wazazi wenye watoto wa shule wanaweza kuugeuza mchezo huu kuwa somo la hesabu la jioni bila kununua kitu. Chimbeni safu nne za mashimo manane, au chukueni trei za mayai. Msianze na kete sawa. Mpe mtoto mkubwa kete 24 na mdogo kete 18, wacheze nsolo kwa kanuni iliyoelezwa hapo juu, kisha wabadilishane pande. Kabla ya kila zamu, mwenye kete 18 aseme kwa sauti ni njia ipi aliyoichagua: kulinda, kusubiri au kushambulia, na aeleze sababu kwa hesabu. Asiruhusiwe kubadili njia ila hesabu imebadilika. Wala pasiwekwe fedha, maana fedha ikiingia hesabu hutoka.

Mtoto atashindwa mara nyingi upande wa 18, na hilo si neno. Mwangalieni siku atakapoanza kushindwa kwa tofauti ndogo. Siku hiyo amejifunza kucheza, na siku ya kushinda itafuata.